Kuhama Keja Radi Ikichapa, Kutoka Kenya Mpaka Tanganyika

Hapa Arua msee anaweza toka Kenya aingie Tanganyika na tukutuku, bila paspoti, bila karao wa kugonga muhuri, na dereva ana-charge shilingi za Uganda tu. Kenya ni mtaa. Tanganyika pia ni mtaa. Zote ziko pande za Oli, kwenye Kiswahili kimekuwa kikibongwa sokoni na msikitini tangu enzi za wazee wa Kinubi, na sisi maboyz tulioosha vyombo Eastleigh tukarudi tukakiongezea Sheng. Safari yenyewe unaimaliza kabla hujamaliza rolex yako. Lakini ijaribu Agosti, saa kumi jioni, wingu limekaa juu ya Arua Hill na upepo umeanza kurusha mifuko ya kavera hewani. Hapo ndio utajua Tanganyika iko mbali.

Kuna watu wakisikia unahama mwezi kama huu wanakucheki ka mtu amepoteza network. Ati ngoja jua. Jua gani, maze? Angalia kalenda ya West Nile. Mvua inaingia Aprili hivi, inapunguza kasi kati ya mwaka, inarudi na hasira zake Agosti, Septemba na Oktoba, halafu Novemba ndio inaanza kuchoka. Kiangazi cha ukweli ni Desemba mpaka Machi, vumbi hadi kwa meno. Sasa lando wa kukupandishia rent anangoja Machi? Nesi akipewa kazi kituo kipya anaripoti ile tarehe iko kwa barua. Kontrakti ya NGO ikikatwa, inakatwa tu. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Muni wanatafuta vyumba muhula ukianza, na muhula ukianza huku kwetu matope iko magotini. Halafu kuna ile sababu kubwa kuliko zote: mvua yenyewe ndio inakufukuza. Bati limeachia msumari mmoja, tone likaanza kuanguka kwa mto, kesho yake ni matone matatu, wiki ijayo unalala umekunja miguu kona moja ya chumba na beseni katikati.

Mimi msimamo wangu ni huu, na nitabishana na yeyote: keja inatafutwa mvua ikinyesha. Januari keja zote Arua ni fiti. Rangi mpya, ukuta mkavu, kakibaraza kamefagiliwa, broka anakuonyesha dirisha anasema "cheki hewa, boss." Hewa iko, kweli. Kwani Januari kuna mahali haiko? Ukuta uliolowa Oktoba umepakwa chokaa Desemba, na wewe unalipa miezi mitatu mbele kwa bei ya chokaa. Mvua ndio haijui kudanganya mpangaji. Ikinyesha dakika ishirini tu, keja inaanika siri zake zote, na broka amejificha dukani juu hataki viatu vichafuke.

Kwa hivyo ukiona wingu limeiva, vaa sapatu, beba simu ndani ya kavera, ingia mtaani. Usianze na bati, anza na chini. Maji yanatoka wapi na yanaenda wapi? Arua ni mji wa miteremko, kila tone lina safari yake kuelekea Oli ama Enyau, na kuna maplot zimejengwa katikati ya hiyo safari. Mfereji ulio kwa mlango wa jirani ukiwa umejaa taka, hayo maji yatakuja kwako. Halafu cheki chini ya ukuta. Keja nyingi za kupangisha zimejengwa na tofali za kuchoma zikashikwa na udongo badala ya saruji, plasta ikaja juu kuficha. Plasta ikipasuka pale chini, matone ya mvua yanaruka yanakula udongo polepole, na ukuta unaanza kusimama na mazoea tu. Pitisha kidole kwa jointi. Kikirudi na tope, sema asante, toka.

Bati sasa. Fundi mmoja wa pale Mvara alinifungua macho: upepo hausukumi paa, unalinyanyua. Unapita juu kwa kasi, unaingia chini ya ile sehemu imetokeza nje ya ukuta, na kama mlango ama dirisha limefunguka upande wa upepo, unajaa ndani na kusukuma kwenda juu. Kwa hivyo paa lenye masikio marefu linapendeza, kivuli iko, lakini bila misumari ya kutosha litaenda kutembelea jirani. Simama ndani, angalia juu. Mbao zimefungwa kwa ukuta na waya ama vyuma bapa, ama zimewekwa tu kama godoro juu ya kitanda? Misumari iko na kofia na raba yake, ama ni ile ya kawaida imepigwa ikapinda? Bati ni geji 28, nene, ama ni 32, ile unaweza kunja na goti? Ukipiga hiyo hesabu mvua ikiwa inacheza ngoma hapo juu, huhitaji mtu akueleze kitu.

Lando wengine wana majibu. Kuna mmoja, sitataja mtaa, nilimwambia sebule inavuja akanitazama kwa upole akasema, "Mwanangu, mvua ni ya Mungu." Sawa mzee, mvua ni ya Mungu, bati ni ya nani? Uganda ina sheria ya wenye nyumba na wapangaji, ya 2022. Inasema nyumba ya kupangisha lazima iwe ya kukaliwa na binadamu, na rent isipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Wengi kwa mtaa hawajaisikia. Ukimtajia lando anadhani umetumwa na wanasiasa. Mimi sikumpeleka mahali. Nilianza tu kupanga sufuria zangu.

Keja mpya niliipata Tanganyika, kwa Hajati, mama wa Kinubi mwenye plot ya vyumba vitano na mwembe mmoja. Nilifika nimelowa chapachapa. Nikasalimia, "Asalaam aleikum, Hajati, nasikia kuna chumba." Akaitikia salamu, akaniangalia kutoka kwa kichwa mpaka kwa kidole, akauliza, "Na umekuja na mvua hii?" Nikamwambia nimekuja juu ya mvua hii. Akacheka mpaka ushungi ukateleza. Akanipeleka ndani mwenyewe, akagonga ukuta na fimbo, akanionyesha mfereji aliouchimbisha na akaniambia bei bila kuzunguka. Hakuna broka, hakuna hadithi. Chumba kidogo, taa moja, lakini sakafu ilikuwa kavu na nje kulikuwa kunanyesha hadi kuku wamepanda juu ya kinu.

Siku ya kuhama yenyewe ndio ina ufundi. Dereva wa tukutuku nilimwambia anichapie bei. Akatazama juu, akatazama friji, akasema, "Boss, bei ya jua ni ngiri kumi na tano. Bei ya mvua tutaongea tukifika." Usikubali hiyo sentensi hata kidogo. Bei iongewe injini ikiwa imezima na vitu vyako bado viko kwa nyumba, juu ukishapakia, wewe ndio mateka. Tulishikana kwa bei ya katikati na soda moja.

Godoro ndio mambo yote. Kitanda kikilowa utakipanguza, sufuria zimezoea maji, hata tivi ukiifunga na blanketi na kavera mbili itafika. Lakini godoro la sponji likinywa maji halilevuki wiki nzima, na Agosti jua lenyewe linakuja kwa mgao. Kwa hivyo godoro linakunjwa, linafungwa na kamba, linavalishwa kavera nzito ile ya mita, kisha turubai juu yake. Linaingia kwa tukutuku la mwisho kabisa na kushuka la kwanza. Makaa nayo usiyasahau nje. Makaa yakilowa hakuna dishi usiku huo, na hakuna upweke kama wa kukaa kwa keja mpya na njaa, hujui hata jirani yupi ana jiko. Vyeti, kitambulisho, ile barua ya LC1, mwenyekiti wa mtaa unaotoka, ya kusema wewe ni nani na unatoka wapi, hizo zinakaa kifuani mwako ndani ya kavera, si kwa begi. Mwenyekiti wa mtaa mpya atataka kuiona, na barua iliyovuja wino inakufanya uonekane ka mtu ametoroka kitu.

Na turubai, West Nile haikosi. Zile nyeupe za wakimbizi utazipata kila soko, zimefunika mihogo, zimefunika pikipiki, zimefunika mpaka bibi harusi. Nunua moja. Ni mali kuliko meza ya kioo.

Sasa ngoja nipunguze utani, juu kuna kitu Arua hatuchezi nayo. Radi. Agosti 2020, hapa hapa Arua, watoto walikuwa wanacheza mpira, mvua ikaanza, wakakimbilia ndani ya kibanda cha nyasi. Radi ikapiga. Kumi walikufa. Wasee wengi wa rika langu wanakumbuka walikuwa wapi walipopata hiyo habari. Juni 2011 ilikuwa Kiryandongo, shule ya msingi ya Runyanya, wanafunzi 18 kwa mpigo mmoja, wakiwa shuleni. Na tarehe 2 Novemba 2024, kambi ya wakimbizi ya Palabek kule Lamwo, watu wamekusanyika kwa ibada ya jioni: 14 wakafa, 34 wakaumia. Cheki vizuri hizo sehemu tatu. Kibanda, darasa, mahali pa ibada. Wote walikuwa chini ya paa, wakidhani wamejificha.

Kwa hivyo ule ujasiri wa kubeba kitanda cha chuma kichwani huku anga inapasuka, peleka mbali. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, gawanya kwa tatu: hizo ndio kilomita. Kilomita zikiwa tisa hivi ama chini, ujue imeingia mtaani. Nyumba ya tofali iliyo na kuta kamili ni afadhali, mradi usiegemee ukuta wala kushika bomba ama waya. Gari lililofungwa madirisha ni afadhali pia, juu bodi ya chuma inapitisha moto nje yako mpaka chini. Tukutuku si gari hapo, haina mwili wa kukuficha, na nduthi ndio kabisa. Chini ya mwembe usikae hata kama Hajati mwenyewe amekuita. Halafu ngurumo ya mwisho ikishapita, tulia nusu saa ndio utoke. Nusu saa ni ndefu vitu vyako vikiwa kwa barabara, najua. Sisi tulipofika pale karibu na soko tukaona mwanga na ngurumo zikifuatana, dereva akazima injini bila kuulizwa, tukaingia kwa stoo ya mwenye duka la simiti, tukaacha friji ikikaa peke yake mvuani ka mgeni hajakaribishwa. Hakuna aliyeigusa. Mwizi pia anaogopa radi.

Kuna stori nyingi mtaani za kufunika vioo, za nguo nyekundu, za radi iliyotumwa na mtu mwenye chuki. Nimezisikia tangu nikiwa mtoto na sitamcheka mathe akifunika kioo chake, kioo kilichofunikwa hakidhuru mtu. Ngori ni pale watu wanaanza kumtafuta aliyetuma, wanamchomea mzee wa watu nyumba, na mtoto aliyepigwa na radi angeokolewa na ufahamu kidogo tu wa kusimama wapi. Waya wa kukinga radi, ile fimbo ya chuma inayoshuka mpaka ardhini, shule nyingi bado hazina. Hiyo ndio stori ningependa tuibonge kwa kijiwe.

Beshte yangu yeye alihama mbali zaidi. Yeye ni wa kuuza vipuri vya nduthi, na pesa ya vipuri siku hizi iko Koboko, juu huko unapata wateja wa nchi tatu. Koboko ndio kona yenyewe: Congo upande mmoja, South Sudan upande mwingine, na Salia Musala pale mipaka inapogusana. Tukakodi kanta. Arua mpaka Koboko ni kilomita hamsini na kitu, lami yote, unapita Manibe, unaingia Maracha, unatokea. Wazee wanatuambia kabla ya lami hiyo safari msimu wa mvua ilikuwa ya kubeba blanketi na chakula, juu lori likizama mahali ndio hapo mnalala. Lami haijamaliza mambo yote. Mwisho wa 2024 daraja la Karuma lilikuwa limefungwa kwa ukarabati tangu Septemba, halafu Novemba mafuriko yakakata barabara pande za Pakwach, na mtu mwenye vitu vyake kwa basi kutoka Kampala alijua hajui. Lakini kwetu ndani kwa ndani, lami ni baraka.

Maracha mvua ilitupata ikiwa imelala, inakuja upande badala ya juu. Ile turubai ilifura mgongoni mwa kanta mpaka dereva akasema gari linavutwa nyuma. Tukasimama, tukatoa kamba, tukafunga upya tukipitisha chini ya chesisi, na upande wa mbele tukaukunja ndani ili upepo usipate mdomo wa kuingilia. Kanuni ni ile ile ya paa, nilijiona fundi. Beshte alikuwa ndani ya kebini amekumbatia boksi la plagi ka mtoto mchanga.

Usiku tukiwa njiani nilikuwa nafikiria maneno ya Hajati. Nilipomwambia tunapeleka mtu Koboko na hii mvua aliguna. "Mvua hii? Sisi 1980 tulihama na mvua kama hii, mwezi wa kumi, bila tukutuku, mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Hatukuuliza bati la geji gani." Oktoba 1980 ndio wapiganaji waliokuwa wanajeshi wa Amin waliingia kutoka Sudan wakachukua Koboko na kusogea Arua, halafu jeshi la serikali likaja kulipiza, na West Nile karibu yote ikamwagika kuvuka mipaka, Sudan na Zaire. Watu walihama katikati ya masika makubwa. Na 2016 barabara ikageuka. Mapigano ya Juba yalipolipuka Julai, watu wa Yei na vijiji vyake wakaanza kuingia upande huu, wengine kwa Oraba pale juu ya Koboko, na Agosti kambi ya Bidi Bidi ikafunguliwa Yumbe. Agosti, mwezi wa ngurumo. Familia ilipewa turubai, nguzo, kipande cha ardhi, ikaambiwa hapa ndio nyumbani, na mvua ikaendelea kunyesha. Wengi wa waliowapokea walikuwa wenyewe wamewahi kukaa chini ya turubai Sudan. Ndio maana ukisimama na godoro lako mvuani Koboko, mtu usiyemjua anakufungulia mlango kabla hujabisha.

Sisi tulifunguliwa. Kanta ilisimama nje ya maduka, mama wa chai akatuita ndani, akatupa chai ya tangawizi na mandazi, akauliza tunahamia wapi. Beshte akamtajia. Broka alikuwa amemtafutia keja mbili kwa simu: moja ya kifahari, vigae chini, geti jeusi, na nyingine ya zamani, ukuta haujapakwa rangi. Depo ya ile ya vigae beshte alikuwa amebakisha kidogo tu aitume. Mama wa chai akanyamaza, akamimina chai nyingine, akasema kwa Kiswahili safi cha mpakani, "Mwanangu, kabla hamjashusha vitu, nendeni mkaitazame sasa hivi."

Tukaenda kwa miguu, mvua ikichapa. Ile ya vigae ilikuwa imejengwa kwa bonde. Geti jeusi lilikuwa limesimama ndani ya maji, na ndani sebuleni kulikuwa na ndala moja inaelea inazunguka taratibu. Ile ya zamani ilikuwa juu ya kamwinuko, msingi umenyanyuliwa, bati limechakaa lakini limefungwa na waya kila mbao, na kwa pembe kulikuwa na pipa linajazwa na mfereji wa paa. Kavu. Mwenye nyumba, mzee mmoja Mkakwa mwenye koti la jeshi la zamani, alitufungulia akiwa na taa ya sola mkononi, akapokea miezi miwili badala ya mitatu, na akatusaidia kubeba friji mwenyewe.

Broka alitokea asubuhi, jua limetoka, viatu vimeng'aa, anadai komisheni yake. Beshte hakubishana. Alimshika mkono polepole, akamshusha mpaka kwa lile geti jeusi, akamwambia, "Buda, pesa yako nimeiacha sebuleni kule ndani. Vua viatu."